Kichanga mwenye pilorasi iliyoziba: kulinda pumzi yake kabla, wakati na baada ya upasuaji

Upasuaji wenyewe ni mfupi. Daktari huchana kwa urefu msuli ulionenepa wa pilorasi, yaani mlango wa kutokea wa tumbo, na kuuacha utando wa ndani ukiwa mzima. Kwa mkono uliozoea, kazi huisha ndani ya nusu saa. Conrad Ramstedt aliutangaza huko Ujerumani mwaka 1912, na msingi wake haujabadilika. Hatari iliyobaki, kwa sehemu kubwa, iko kwenye pumzi: mtoto kupaliwa na yaliyomo tumboni anapolazwa usingizi, au kusita kupumua akiwa wodini saa chache baadaye, wakati kila mtu ameshashusha pumzi.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, matabibu na wataalamu wa usingizi wa hospitali za wilaya na mikoa, ambako mara nyingi hakuna kipimo cha gesi za damu na mtoto huletwa akiwa amechelewa. Dozi za mfano ni za kichanga wa kilo 3.5. Mpime mtoto wako siku hiyohiyo, bila nguo, ukokotoe upya. Uzito ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki ni wa siku zilizopita, na mtoto huyu amekuwa akipungua.

Ni mtoto gani

Ana umri wa wiki 2 hadi 8, mara nyingi ni wa kiume na kifungua mimba. Alikuwa ananyonya vizuri, kisha akaanza kutapika kwa nguvu, maziwa yanaruka mbali, na akimaliza analilia ziwa upya kwa njaa. Matapishi ni maziwa mabichi au yaliyoganda, hayana ukijani. Ukijani ni nyongo, na nyongo maana yake njia imeziba chini zaidi, pengine utumbo umejisokota. Huyo ni mgonjwa mwingine, na yeye hasubiri.

Mtazame tumbo baada ya kunyonya: wimbi hupita kutoka kushoto kwenda kulia. Mkono wenye subira hugusa kivimbe kigumu cha ukubwa wa zambarau, juu ya kitovu upande wa kulia. Utrasaundi ikionyesha msuli wenye unene wa milimita 3 au zaidi na mfereji wenye urefu wa milimita 15 au zaidi, jibu limepatikana. Usiombe picha ya bariamu, yaani dawa inayonyweshwa ili njia ya chakula ionekane kwenye eksirei, kama utrasaundi ipo. Bariamu hubaki tumboni, na akipaliwa nayo mapafu yanaumia vibaya. Kama ameshanyweshwa, tumbo lioshwe kwa salaini ya vuguvugu hadi maji yatoke meupe, na mtaalamu wa usingizi aambiwe.

Kwa nini pumzi yake ni dhaifu kabla hajaguswa

Kila akitapika anapoteza asidi ya tumbo, yaani haidrojeni pamoja na kloraidi. Damu inabaki na bikaboneti nyingi. Hali hiyo ndiyo alikalosisi. Figo zingeweza kuitoa bikaboneti kwenye mkojo, lakini kloraidi ikiwa haba zinakwama. Isitoshe mwili umekauka, hivyo figo zinang'ang'ania sodiamu na kutupa potasiamu, kisha haidrojeni. Ndiyo sababu mkojo wa mtoto aliyefika mbali huwa wa asidi ilhali damu yake iko kinyume kabisa.

Kituo cha upumuaji kwenye ubongo husukumwa na asidi. Kabonidaioksaidi ikipanda, asidi hupanda, na mtoto huvuta hewa. Penye alikalosisi msukumo huo hulegea. Mtoto huvuta pumzi fupi za polepole ili abakize kabonidaioksaidi isawazishe damu. Anayemwangalia kwa juujuu husema amelala vizuri. Akiongezewa gesi ya usingizi na mofini, dawa kali ya maumivu, ule msukumo mdogo uliobaki unazimika.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni hili: maji yanayozunguka ubongo husawazika kwa kuchelewa kuliko damu. Karatasi ya maabara inaweza kusomeka vizuri asubuhi hii wakati kituo cha upumuaji bado kimezungukwa na alikalosisi ya jana. Hivyo kusahihisha damu kwa pupa ndani ya saa sita hakumlindi mtoto. Anahitaji saa 24 hadi 48, pengine 72, na hata baada ya hapo anahitaji kuangaliwa kwa karibu baada ya upasuaji.

Kuna mengine yanayomwongezea mzigo. Alikalosisi huifanya damu ing'ang'anie oksijeni badala ya kuiachia viungo. Potasiamu ikipungua misuli hulegea, na dawa za kulegeza misuli hudumu muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Kichanga hutumia mililita 6 hadi 8 za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika, takriban maradufu ya mtu mzima, huku akiba ya mapafuni ikiwa ndogo. Mtu mzima aliyevutishwa oksijeni vizuri hukupa dakika kadhaa. Kichanga hukupa sekunde. Tena tumbo lake halijui saa za kufunga: hata akikaa saa 12 bila kunyonya, bado lina maziwa na ute.

Hatua ya 1: anapopokelewa

Simamisha kunyonya. Mama aendelee kukamua kila saa tatu ili maziwa yasikauke. Mwambie wewe mwenyewe, maana asipoambiwa huacha.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima, si robo dakika mara nne. Zikizidi 60, kifua kikibonyea, pua zikitanuka au oksijeni ikiwa chini ya asilimia 94, chukulia kwamba ameshapaliwa nyumbani au njiani. Mpe oksijeni kwa mrija wa puani, lita 0.5 hadi 1 kwa dakika, piga picha ya kifua, anza antibiotiki kwa mwongozo wa kitaifa, na upasuaji usubiri mapafu. Zikiwa chini ya 30, au zinakatika kisha zinarudi, usifurahie utulivu huo. Hapo alikalosisi ni nzito, na mtoto huyu alazwe penye oksimita, yaani kifaa cha kupimia oksijeni ya damu kupitia ngozi.

Mlaze kichwa kikiwa juu kwa nyuzi 30. Kuhusu mpira wa puani kwenda tumboni, wapo wanaokataa kuuweka mapema kwa hoja kwamba unaendelea kunyonya asidi na kuongeza upungufu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kwa mtoto anayeendelea kutapika, aliyevimba tumbo au anayesafirishwa, tunapendelea awekewe namba 8, uachwe wazi bila kizibo. Pima kinachotoka, na kila mililita irudishwe kwa mililita ya salaini ya 0.9%, yenye potasiamu akishakojoa.

Pima sukari hapohapo kitandani. Ikiwa chini ya 2.6 mmol/L mpe dekstrosi ya 10%, 2 ml kwa kilo, yaani 7 ml. Kama iliyopo ni ya 50%, changanya sehemu moja na sehemu nne za maji ya sindano. Damu ya maabara iende kwa ajili ya sodiamu, potasiamu, kloraidi, bikaboneti, urea, kreatinini na hemoglobini.

Hatua ya 2: dripu

Mtoto aliyekauka, mwenye utosi uliobonyea, kinywa kikavu na mkojo haba, aanze na salaini ya 0.9%, 10 hadi 20 ml kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60. Kwa wetu ni 35 hadi 70 ml. Akiwa na mshtuko, yaani mikono ya baridi na mapigo dhaifu, mpe haraka zaidi na umkague kila baada ya 10 ml kwa kilo.

Baada ya hapo tumia DNS, ile chupa yenye dekstrosi 5% ndani ya salaini ya 0.9%, kwa mara moja na nusu ya mahitaji ya kawaida: 6 ml kwa kilo kwa saa. Kilo 3.5 ni 21 ml kwa saa. Kwenye bureti (chombo kidogo chenye vipimo kinachokaa kati ya chupa na mtoto) ya matone 60 kwa mililita hiyo ni matone 21 kwa dakika, hesabu rahisi kukumbuka usiku. Jaza kwenye bureti maji ya saa mbili tu kwa wakati mmoja, ili hata kibano kikiachia mtoto asimwagikiwe na chupa nzima.

Akishakojoa, ongeza potasiamu. Ampuli ya KCl (kloraidi ya potasiamu) ya 15% ina 2 mmol kwa mililita. 5 ml ndani ya chupa ya 500 ml hutoa 20 mmol kwa lita. Soma ampuli kwanza, kwa kuwa zipo za 10%, nazo zina takriban 1.3 mmol kwa mililita. Pindua chupa mara kumi baada ya kutia, maana potasiamu ni nzito na hutuama chini. Usiisukume kamwe kwa bomba la sindano.

Ringer laktate isitumike hapa. Ini hubadili lakteti kuwa bikaboneti, na unakuwa unaongeza kile unachojaribu kuondoa. Dekstrosi 5% tupu nayo ni hatari: sodiamu hushuka, ubongo huvimba, mtoto hupata degedege na kuacha kupumua.

Rudia vipimo kila saa 8 hadi 12.

Hatua ya 3: lini yuko tayari

Kloraidi iwe 100 mmol/L au zaidi. Bikaboneti iwe chini ya 28, na isizidi 30 kwa hali yoyote. Potasiamu 3.5 na kuendelea, sodiamu 132 na kuendelea, sukari ya kawaida, mkojo angalau 1 ml kwa kilo kwa saa. Pumzi ziwe za mpangilio, bila mikatiko.

Kama maabara yenu haipimi bikaboneti, kloraidi inaweza kuisemea: subiri ifike 106, hapo alikalosisi huwa imeondoka kwa watoto walio wengi. Kama hampimi hata kloraidi, msimpasue. Mpeni rufaa.

Shinikizo litakuja. Daktari ana orodha ya kesho, bibi wa mtoto yuko koridoni, mama amechoka kusikia kilio cha njaa. Waelezwe wote kwa upole kwamba kuziba huku hakuozeshi utumbo, na kwamba dripu ndiyo matibabu yenyewe kwa sasa. Hakuna pilorasi inayostahili kupasuliwa saa nane za usiku.

Hatua ya 4: kuandaa chumba na meza ya usingizi

Joto la chumba liwe nyuzi 26. Mtoto afunikwe kichwa, dripu iwe na uvuguvugu. Kichanga aliyepoa huchelewa kuamka na husita kupumua.

Weka mezani: barakoa za mviringo za saizi mbili, begi la ambu (la kupulizia hewa kwa mkono) la watoto la 500 ml, laringoskopu yenye ulimi mnyoofu namba 1 na nyingine ya akiba yenye taa iliyojaribiwa, mirija ya hewa namba 3.0 na 3.5, waya wa kunyooshea, mashine ya kufyonza inayofanya kazi kweli (ijaribu kwa maji), oksimita na, kama ipo, kapnografi, yaani mashine inayopima kabonidaioksaidi katika hewa anayotoa mtoto.

Kwenye dawa kuna mtego. Atropini ya 1 mg ikiyeyushwa hadi 10 ml, dozi ya 0.02 mg kwa kilo huwa 0.7 ml. Suksamethoniamu ya 100 mg ikiyeyushwa hadi 10 ml, dozi ya 2 mg kwa kilo huwa 0.7 ml. Ketamini ya 50 mg ikiyeyushwa hadi 5 ml, dozi ya 2 mg kwa kilo nayo ni 0.7 ml. Yaani zote ni 0.2 ml kwa kilo. Ni rahisi kukumbuka, na kwa sababu hiyohiyo ni rahisi kuzibadilisha: mabomba matatu ya maji meupe yenye kiasi kilekile. Ukisukuma suksamethoniamu ukidhani ni atropini, mtoto analegea misuli akiwa macho, kabla hujawa tayari na hewa. Bandika lebo kabla ya kuvuta dawa, na mwenzako asome kwa sauti kila dozi kabla haijasukumwa. Angalia pia ampuli ya atropini, kwani baadhi ni za 0.6 mg.

Hatua ya 5: kumwaga tumbo

Fanya hivi hata kama mpira wa puani umekuwa wazi usiku kucha. Mpira mwembamba huziba kwa maziwa yaliyoganda.

Fungulia oksimita na mpe atropini kwanza, maana kugusa koo la kichanga hushusha mapigo ya moyo. Toa mpira mdogo, pitisha kinywani ulio mnene, namba 10 hadi 14. Fyonza akiwa chali, mgeuze ubavu wa kulia ufyonze, ubavu wa kushoto ufyonze, kisha umrudishe chali ufyonze tena. Rudia mpaka kisitoke kitu. Mara nyingi ubavuni ndiko hutoka maziwa baada ya kila mtu kudhani tumbo ni tupu. Kisha toa mpira huo ili barakoa ikae sawasawa usoni.

Hatua ya 6: kumlaza na kuweka mrija wa hewa

1. Oksijeni ya asilimia 100 kwa barakoa iliyobana vizuri, dakika 2 hadi 3.
2. Dawa ya kulaza kupitia kanula inayopita bila shaka: propofoli 2 hadi 3 mg kwa kilo, au ketamini 2 mg kwa kilo. Papo hapo suksamethoniamu 2 mg kwa kilo. Rokuroniamu inafaa pia, lakini operesheni ni fupi na mtoto anaweza kubaki amelegea baada ya kushonwa.
3. Endelea kumpa pumzi ndogo kwa mkono huku ukisubiri dawa ifanye kazi, shinikizo lisizidi sentimita 10 hadi 12 za maji. Ile kanuni ya watu wazima ya kutopuliza kabisa haimfai kichanga. Yeye atageuka buluu kabla hujaona nyuzi za sauti, na anayehangaika kwa haraka ndiye anayekosea njia. Kubonyeza koo kwa mbele nako huweza kukunja njia ya hewa. Usipoona vizuri, mwachie.
4. Mrija namba 3.5 usio na puto, ukikataa, 3.0. Usilazimishe. Kina kwenye midomo ni uzito kwa kilo ukijumlisha 6: kwa wetu ni sentimita 9.5.
5. Hakikisha kwa kapnografi, kwa kutazama pande mbili za kifua zikipanda sawa, na kwa kusikiliza kwapa zote mbili. Oksimita peke yake husema kwa kuchelewa.
6. Kila jaribio lisizidi sekunde 30. Oksijeni ikishuka chini ya 90, toka, mpe pumzi, jaribu tena. Jaribio la tatu lifanywe na mwingine.
7. Funga mrija kwa plasta na rudia kusikiliza baada ya kufunga. Koo la hewa la kichanga lina urefu wa sentimita 4 au 5 hivi. Kidevu kikiinama mrija huzama upande wa kulia. Kikiinuliwa sana huchomoka.

Zamani wengine waliweka mrija mtoto akiwa macho wakidhani ni salama zaidi. Majaribio huwa mengi, mtoto huumia, na kupaliwa hakupungui.

Matapishi yakipanda kooni wakati wa kulaza: inamisha kitanda upande wa kichwa, mgeuze ubavu, fyonza kinywa na koo, weka mrija wa hewa, fyonza ndani ya mrija kabla ya kupuliza, ndipo upulize. Usimwage salaini mapafuni kuosha. Kama oksijeni inasimama vizuri operesheni yaweza kuendelea. Kama haisimami, mtulize, mpeleke kwenye uangalizi na mrejee siku nyingine.

Hatua ya 7: katikati ya operesheni

Kosa la kawaida hapa ni kupuliza kupita kiasi. Mkono ulio na wasiwasi hupuliza haraka, kabonidaioksaidi hushuka, na alikalosisi uliyoihangaikia siku mbili inarudi kwa mlango wa nyuma. Mwisho wa operesheni mtoto hana sababu ya kuvuta hewa mwenyewe. Kila pumzi iwe 6 hadi 8 ml kwa kilo, yaani 21 hadi 28 ml, mara 25 hadi 30 kwa dakika, na kapnografi isomeke 40 hadi 45 mmHg. Pasipo kapnografi, kifua kiinuke kidogo tu, kama cha mtoto aliyelala.

Kwa pumzi ya 25 ml, viungio vina maana. Kichujio cha mtu mzima kilichochomekwa kwenye mrija kinaweza kuwa na nafasi kubwa kuliko pumzi nzima ya mtoto, naye akawa anarudishiwa hewa yake mwenyewe. Tumia cha watoto au usitumie.

Maumivu ya operesheni hii yanadhibitika bila mofini, pethidini wala fentanili. Parasetamoli ya mshipani ni 7.5 mg kwa kilo kila saa 6: mtoto wetu apewe 26 mg, ambazo ni 2.6 ml za dawa ya 10 mg kwa mililita. Iandike kwa miligramu na kwa mililita. Wapo watoto duniani waliopewa mililita 26 kwa sababu mtu aliandika "26" peke yake. Daktari achome dawa ya ganzi, bupivakaini ya 0.25%, kwenye kidonda, isizidi 0.8 ml kwa kilo, hapa 2.8 ml.

Karibu na mwisho daktari ataomba hewa ipulizwe tumboni kwa mpira, 30 hadi 60 ml, aone kama utando umetoboka. Hewa hiyo yote itolewe baada ya kipimo. Ikisahaulika, tumbo husukuma kiwambo juu, mapafu yanakosa nafasi, na mtoto hutapika wakati wa kutoa mrija. Kwa upasuaji wa kamera, gesi ya tumboni isizidi 6 hadi 8 mmHg, na ongeza kidogo idadi ya pumzi kwa sababu kabonidaioksaidi inafyonzwa mwilini.

Oksijeni ikishuka ghafla: badili kwenda oksijeni tupu, puliza kwa mkono, sikiliza pande zote mbili. Mrija umezama kulia? Umechomoka? Umeziba kwa ute, kwa hiyo mpira wa kufyonzea haupiti? Tumbo limejaa hewa? Bomba limeachia kwenye mtungi? Mwombe daktari asimame mpaka upate jibu.

Hatua ya 8: kumwamsha

Funga gesi mapema. Fyonza tumbo, kisha koo. Kama ulitumia dawa ya kulegeza misuli inayodumu, irudishe kwa neostigmini 0.05 mg kwa kilo pamoja na atropini 0.02 mg kwa kilo, na tu pale mtoto anapoanza kujongea.

Mrija utoke akiwa macho kabisa. Macho yamefumbuka na yanatazama sawa, anakunja uso, anakunja miguu kuelekea tumboni, anakohoa juu ya mrija, na pumzi zake zimefuatana kwa mpangilio kwa dakika kadhaa. Kujinyonganyonga bila kufumbua macho si kuamka. Ukitoa mrija hapo unaita laringospazimu, yaani nyuzi za sauti kujifunga na kuzuia hewa. Asipoamka ndani ya dakika 20 hadi 30, usimsukume. Mwachie mrija, umpe joto, pima sukari, pima potasiamu, na ujiulize kama alipulizwa sana.

Laringospazimu ikitokea utaona kifua kinabonyea na hewa haipiti, au kunasikika mlio mwembamba wa kuvuta. Oksijeni tupu, barakoa ibane, sukuma taya mbele kwa nguvu nyuma ya masikio, shikilia shinikizo la mfululizo. Isipofunguka ndani ya nusu dakika, au mapigo yakishuka, mpe suksamethoniamu 1 mg kwa kilo mshipani pamoja na atropini. Kanula ikiwa imetoka, 4 mg kwa kilo kwenye msuli wa paja: 14 mg, yaani 0.28 ml ya dawa isiyoyeyushwa. Bomba hilo liandaliwe kabla, na lebo yake iseme wazi "msulini".

Hatua ya 9: saa 24 za wodini

Alazwe kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi, oksimita ikiwa mguuni mfululizo na kengele imewashwa. Oksijeni, barakoa na ambu viwe hapo kitandani, si kabatini. Kila saa andika pumzi za dakika nzima, oksijeni, mapigo na joto. Oksimita inaweza kubaki 97 huku mtoto anayepewa oksijeni amesita kupumua kwa sekunde nyingi, kwa hiyo macho ya muuguzi kwenye kifua hayana mbadala. Mfundishe mama pia kutazama kifua, na amwite muuguzi bila kuona haya.

Aliyezaliwa njiti, ambaye wiki za mimba ukijumlisha na za tangu kuzaliwa hazijafika 60, yuko hatarini zaidi, hasa hemoglobini ikiwa chini ya 10. Huyo tusimwondoe kwenye oksimita mpaka apitishe saa 12 hadi 24 bila kusita hata mara moja.

Dripu ya sukari isikatwe mtoto anapotoka chumba cha upasuaji. Ini lake halina akiba. Dripu ikikatika, sukari huweza kuanguka saa mbili au tatu baadaye, na dalili ya kwanza inaweza kuwa pumzi kusimama. Pima sukari anapofika wodini, kisha kila saa 4 hadi anyonye vizuri.

Kusita kwa sekunde 20, au kwa muda mfupi zaidi pamoja na mapigo kushuka au oksijeni kuporomoka, ni tukio la kushughulikiwa mara moja:

1. Msugue mgongo au gonga nyayo kwa kidole. Wengi hurudi hapo.
2. Nyoosha kichwa katikati, kisikunjwe wala kupindwa nyuma. Fyonza kinywa, halafu pua.
3. Asiporudi, ambu: pumzi 30 hadi 40 kwa dakika, kifua kipande kila mara. Mapigo yakiwa chini ya 60 licha ya hewa kuingia vizuri, bonyeza kifua mara 15 kwa pumzi 2.
4. Pima sukari na joto. Rudia kloraidi, bikaboneti na potasiamu.
5. Soma karatasi ya usingizi. Kama alipewa dawa ya jamii ya mofini, naloksoni 0.01 mg kwa kilo mshipani, irudiwe taratibu.
6. Kwa njiti anayerudia kusita, kafeini sitreti 20 mg kwa kilo, yaani 70 mg, kwa dakika 30.

Aliyesita mara moja, saa 24 zinaanza kuhesabiwa upya kutoka hapo.

Kunyonya kuanze saa 4 hadi 6 baada ya upasuaji, akiwa macho na pumzi zake zikiwa chini ya 60. Anyonye kwa vipindi vifupi, acheushwe, na alazwe chali kichwa kikiwa juu kidogo. Atatapika mara chache siku ya kwanza au ya pili, hilo ni la kawaida na mama aambiwe mapema. Kutapika kwa mfululizo kunakoambatana na homa, tumbo kuwa gumu na pumzi za haraka si kwa kawaida: huenda utando ulitoboka. Mwite daktari usiku huohuo.

Ukimpa rufaa

Asisafiri mpaka ameshapata maji ya mwanzo, sukari imepimwa na mpira wa tumboni uko wazi. Kanula ziwe mbili. Aende na muuguzi anayeweza kutumia ambu, si na mama peke yake, na mtungi wa oksijeni uliopimwa kwamba utatosha hadi mwisho wa safari na ziada. Kwenye barua andika uzito wa leo, mara ya mwisho alipokojoa, kiasi na aina ya maji aliyopata, potasiamu iliyotiwa na saa yake, majibu ya damu yakiwa na tarehe na saa, kama amewahi kupaliwa, kama ameshanyweshwa bariamu, na pumzi zake kwa dakika alipoondoka kwako. Piga simu kabla gari halijatoka, ili wanaompokea wawe wameshaandaa kitanda chenye oksimita.